Mstari wa Kazi Usiachwe Mtupu



Juma lililopita alifika mezani pangu mama mmoja, mke wa koplo, amebeba fomu ya kumwombea mwanawe nafasi katika shule ya bweni. Fomu yenyewe ni ya kawaida: jina la baba, kazi ya baba, jina la mama, kazi ya mama. Nilipomwuliza kazi ya baba alijibu kwa sauti iliyonyooka, kana kwamba yeye mwenyewe yuko gwarideni: "Askari." Nilipomwuliza kazi yake aliinamisha macho, akasema, "Hapo andika hakuna, mwalimu." (Wengi hapa wilayani bado huniita mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani nikahamia kwenye mafaili.)

Nakiri kwamba kalamu ilikuwa tayari juu ya mstari. Neno hilo nimeliandika mara zisizo na idadi, wala halijapata kuninyima usingizi. Lakini wakati huo huo mtoto aliyekuwa mgongoni alianza kukohoa. Yule mama akamgeuza, akampangusa kamasi, akamnyonyesha, na bila kukatiza maneno yake akaendelea kunitajia tarehe za kuzaliwa za watoto wake wanne, chanjo walizokwisha pata na ile moja iliyosalia. Nami, mtumishi mzima wa serikali, tarehe za wanangu huzitafuta kwenye vyeti. Nikaiweka kalamu chini.

"Leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ukafanya nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego, kisha akaanza. Alikwenda bombani na madumu mawili, kwa kuwa maji ya kambini hukatika kunapopambazuka. Akawasha makaa, akapika uji, akawaogesha wadogo wawili na kuwahimiza wakubwa wawili. Akashona kifungo cha sare ya shule. Akampa mama mkwe dawa yake ya shinikizo la damu, akamsubiri aimeze, maana mzee yule huificha chini ya ulimi. Akapalilia maharage nyuma ya nyumba kabla jua halijawa kali, akafua, akaanika, akafunga safari ya kuja kwangu. Ilikuwa bado haijatimia saa nne.

"Na hiyo si kazi?"

"Hiyo si kazi, mwalimu. Hiyo ni nyumbani tu."

Ndugu msomaji, ni hilo neno "tu" lililonifanya niyaandike makala haya.

Mimi ni mtoto wa polisi. Marehemu baba alihamishwa kutoka Gulu hadi Mbale, na kutoka Mbale hadi Masaka, na kila uhamisho ulimkuta mama akiwa na bustani inayokaribia kuvunwa. Baba alipowasili kituo kipya alikuta meza, jalada, na wenzake waliomtambua kwa cheo begani. Mama aliwasili akakuta chumba kimoja chenye masizi ya waliohama, na majirani wasiosema lugha yake. Kiswahili chake alijifunza uani, kwa kuazimana chumvi. Nyumba ambayo baba aliiita yake, yaani sahani safi, watoto waliolala wameshiba, sare iliyopigwa pasi ikaning'inizwa msumarini tayari kwa zamu ya alfajiri, ilijengwa upya na mama mara tatu katika miji mitatu.

Baba alifariki mwaka 2003. Tulipewa muda wa kuondoka katika nyumba ya serikali. Huo ni utaratibu, nami siulalamikii, kwani askari mwingine na familia yake walikuwa wakiingoja. Kilichotuumiza kilikuwa faili. Kwenye mstari wa jamaa wa karibu palikuwa na jina la baba yetu mdogo, lililoandikwa siku baba alipopokewa kazini, kijana asiye na mke, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Mama alizunguka kutoka dirisha hadi dirisha na cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni. Karani mmoja alimwuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe mama, ulikuwa unafanya kazi gani?" Naye akajibu vile vile: hakuna. Baba mdogo, Mungu ambariki, alikuwa mwungwana. Alikwenda mwenyewe kutia sahihi kwamba haki ile ni ya shemeji yake. Je, angekuwa mtu wa namna nyingine?

Simlaumu karani yule. Leo mimi ndiye niliyekikalia kiti chake.

Basi ni nani aliyeamua kwamba kupika ni kazi hotelini, na jikoni si kazi? Hili nimelifuatilia katika vitabu, na jibu linachekesha kidogo. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou aliliona tatizo hili tangu mwaka 1920. Alisema kwamba bwana akimwoa mpishi wake, pato la taifa hupungua, ingawa mpishi ni yule yule na chungu ni kile kile. Kilichotoweka ni mshahara tu. Wenzake walisoma, wakatabasamu, wakaendelea kuhesabu vile vile. Katika kanuni za Umoja wa Mataifa za kupima pato la taifa, dumu la maji alilochota yule mama alfajiri linastahili kuhesabiwa kuwa uzalishaji. Maharage anayopalilia nayo yanastahili. Lakini akiyatia maji hayo chunguni pamoja na maharage hayo akawapikia wanawe, hesabu huishia mlangoni pa jiko. Kumlea mtoto, kumwuguza mzee, kufua na kupika kwa ajili ya watu wa nyumbani mwako, yote hayo hubaki nje ya daftari.

Hata hivyo dunia haikusimama hapo. Mwezi Oktoba 1975, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliuita Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, akina mama wa Iceland, nchi ndogo ya baridi kaskazini mwa Ulaya, waliamua kupumzika siku moja, tarehe 24. Walioajiriwa hawakwenda kazini, na walio nyumbani hawakupika wala hawakulea. Inakadiriwa kuwa wanawake tisa katika kila kumi walishiriki. Akina baba walikwenda kazini na watoto wao mikononi, na soseji, chakula ambacho hata mwanamume asiyejua kupika anaweza kukichemsha, zikaadimika madukani. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya usawa. Siwashauri wake wa askari wafanye hivyo hapa kwetu. Tunazo njia zetu. Nataja tu kwamba kazi ile, ilipokosekana kwa saa chache, hakuna aliyeshindwa kuiona.

Oktoba 2013, mjini Geneva, mkutano wa wataalamu wa takwimu ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha azimio kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha vitu au kutoa huduma kwa matumizi ya wengine au ya mtu mwenyewe, alipwe asilipwe. Kwa maneno mengine, wataalamu walifika pale ambapo bibi zetu walikuwa wameketi siku zote. Mwaka 2018 shirika hilo hilo lilitoa hesabu yake: katika nchi 64 zilizopimwa, watu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi za malezi na nyumba zisizo na malipo, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Lakini takwimu hazimpi mtu haki yake pale nyumba inapovunjika. Hapo panahitajika mahakama, na kwa bahati njema jirani zetu walikwisha lifungua njia jambo hili.

Huko Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inairuhusu mahakama kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa juhudi zao za pamoja. Maneno ni mazuri, ila yalileta ubishi mkubwa: juhudi ni nini? Mahakimu wengine walisema juhudi ni fedha au kazi ya kuonekana, kama kubeba matofali. Akaja Bi Hawa Mohamed, aliyeachwa na mumewe Ally Sefu, akadai fungu katika nyumba yao. Mahakama ya mwanzo ilimwambia kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilipatikana kwa fedha za mume. Tazama, lile neno "tu" limerudi tena! Bi Hawa hakukata tamaa. Shauri lake lilipanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji wenzake wakaamua kwamba kazi za mke za kuitunza nyumba na kuwalea watoto ni mchango katika kuichuma mali ya familia, na zinaingia katika juhudi za pamoja zinazotajwa na sheria.

Wengi huisimulia hukumu hiyo wakaishia hapo. Yafaa niseme lililobaki, kwa sababu wasomaji wangu ni watu wazima. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amekwisha mpa fedha kwa ajili ya shughuli ya familia, naye akazitapanya, na kwa hiyo fungu lake lilikuwa limekwisha kuliwa. Alishindwa yeye, wakashinda waliokuja nyuma yake. Mara nyingi huwaza alivyotoka mahakamani siku ile, jina lake limekwisha kuwa sheria, na mkononi hana hata ufunguo wa chumba.

Kenya nao, katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, waliandika waziwazi kwamba mchango si fedha pekee: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, hata ule uenzi wa mume na mke wenyewe. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifafanua kwamba jambo hilo halimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja lazima aonyeshe alichochangia. Hapa kwetu Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inatamka katika kifungu cha 31 kwamba mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika. Mahakama yetu ya Juu nayo, mwaka 2013, ilisema kuwa kufunga ndoa peke yake hakuigeuzi kila mali kuwa ya wawili, lakini mchango wa mke au mume usio wa fedha nao ni mchango unaohesabika.

Sikieni basi neno linalojirudia: onyesha. Mwenye mshahara ana karatasi ya mshahara. Mwenye duka ana stakabadhi. Je, aliyelea watoto wanne kwa miaka kumi na tano katika kambi tatu atatoa karatasi gani, ikiwa kila fomu aliyoijaza maishani, kwa mkono wake na kwa mkono wa makarani kama mimi, inasema "hakuna"? Kwa miaka yote hiyo amekuwa akijiandikia ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Sasa nageukia akina baba, maana nimekwisha wasikia wakiguna. Tangu Machi 2007, askari wa nchi yetu walipotangulia wengine kuingia Mogadishu, kambi zetu zimejifunza jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Si waume pekee waliopanda ndege; wamo pia wake, askari wa kike na wauguzi wa jeshi, na waliobaki na watoto ni waume zao. Namjua mmoja, sajini mstaafu, ambaye kwa mwaka mzima aliwasuka wanawe wa kike nywele kila Jumapili, vibaya mno mwanzoni, hadi jirani akamhurumia akamfundisha. Alipokwenda kuomba mkopo mdogo aliulizwa kazi yake. Akasema yuko nyumbani na watoto. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee huyo alilinda mpaka wa nchi hii miaka ishirini bila kurudi nyuma. Siku ile alitoka nje, akaacha foleni. Kwa hiyo nisemapo mzazi wa nyumbani nasema wote wawili, ingawa tukihesabu vichwa, akina mama ndio jeshi zima na akina baba ni kikosi kidogo cha upelelezi.

Sajini mwingine, rafiki yangu wa siku nyingi, nilipomweleza nia ya kuandika makala haya alinionya. "Mwalimu," alisema, "ukiwaita wafanyakazi, kesho watadai mshahara. Na mapenzi ya mama je, nayo tuyawekee bei?" Hoja yake si ya kipuuzi, nami nililala nayo siku mbili. Jibu langu ni hili: yeye mwenyewe aliipenda nchi yake akaitumikia kwa moyo, lakini hakuna mwisho wa mwezi aliosusia mshahara kwa sababu ya mapenzi hayo. Wala mke wake hajadai malipo. Alichodai, kama nilivyomsikia mimi siku niliyokula kwao, ni kujua mshahara wa mumewe ni kiasi gani. Hajui. Ameoana na sajini miaka kumi na miwili, na bajeti ya nyumba huipanga kwa kukisia, kama mtu apikaye gizani.

Katika hayo yaliyo ndani ya uwezo wetu, bila kungoja sheria mpya wala hotuba ya mkubwa yeyote, la kwanza ni faili. Afande, wewe unayesoma haya ukingoja zamu, ombi langu ni dogo: nenda kwa karani wa kikosi chako ukatazame ni jina la nani liko kwenye mstari wa jamaa wa karibu. Usiseme utakwenda. Baba yangu alikuwa mtu mwema na mpenda familia. Alichelewa tu, kwa miaka kumi na minane. Mwambie mkeo, au mumeo, jina lililoandikwa, nakala za vyeti ziko wapi, na benki ni ipi. Kama una akiba katika chama, mtu aliyeko nyumbani naye awe na kitabu chake, chenye jina lake, hata kiwe na shilingi chache. Mkono unaobana matumizi ili akiba ipatikane unastahili kuiona akiba hiyo ikiandikwa.

Makamanda nao wanaweza. Katika kambi moja niliyoitembelea, akina mama wanane waligawana zamu chini ya mwembe: kila siku wawili hulea watoto wa wote, na sita huenda shambani, sokoni au zahanati. Walichokosa kilikuwa turubai la kujikinga na mvua. Mkuu wa kambi aliwapa moja kuukuu. Halikuharibu bajeti ya ulinzi wa taifa, na wale sita wa kila siku wamepata nafasi ambayo hawakuwa nayo tangu walipoolewa.

Na sisi makarani, walimu na waandikishaji, tuyapime maneno yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyejifungua siku 60 za kazi za mapumziko, na baba siku 4. Mama wa nyumbani, ambaye hakuajiriwa na mtu, hapewi hata moja. Keshoye anainama juu ya karai. Hatuwezi kumpa likizo kwa kalamu zetu. Tunaweza kuacha kumwandika kama mtu aliyekaa bure.

Namrudia mgeni wangu. Nilimwambia sitaandika "hakuna". Akashtuka, akaniuliza kama jambo hilo halitamharibia mtoto nafasi ya shule. Nikamhakikishia kwamba halitaharibu. Tukashauriana kwa kitambo, maana mstari wenyewe ni mfupi na kazi ni nyingi, na hatimaye niliandika kwa herufi kubwa: MLEZI WA WATOTO NA MTUNZA NYUMBA. Maneno yalipita mwisho wa mstari yakaingia katika nafasi ya anwani. Aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena, kisha akauliza, "Na wakiuliza tangu lini?"

Tukahesabu pamoja kwa umri wa kifungua mimba wake. Ikatoka miaka kumi na mitatu. Nikaiandika pembeni, ingawa fomu haikuiuliza. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akamsukuma mtoto vizuri mgongoni, akaniaga upesi upesi, kwa kuwa maharage alikuwa ameyaacha motoni kwa jirani.